Kigoda cha Wanyakale na Magavana Kumi na Mmoja

Nchi hii haipo. Atakayesema amewahi kuishi humo ni mwongo, na atakayesema anamfahamu mtu anayefanana na viongozi wake akapimwe macho. Ni nchi ya baridi, watu wake wanapenda viazi, mbwa na vikao, na ina majimbo kumi na moja ambayo hayajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa tarehe ya kikao kijacho. Kwa kuwa haipo, kila kitu huko hufanyika kwa utaratibu.

Zamani ilitawaliwa na bwana mmoja katili aliyewaamrisha watu waimbe nini, wachore nini na wacheke saa ngapi. Alipoanguka, wananchi waliapa kwamba Serikali Kuu haitatia tena mkono wake katika utamaduni hadi kiama, wakaliandika jambo hilo katika katiba: utamaduni ni mali ya majimbo. Kilikuwa kiapo kizuri, na mtu yeyote mwenye akili angekipigia makofi. Shida ilikuja baadaye, wageni walipoanza kuuliza, "Na waziri wenu wa utamaduni yuko wapi?" Kansela, mkuu wa Serikali Kuu, akawa anaona haya kusema hayupo. Ndipo ukabuniwa wadhifa wa Mratibu Mkuu wa Utamaduni wa Taifa. Mratibu Mkuu alipewa ofisi, gari, bendera ndogo ya mezani, na karatasi inayomkataza kuratibu chochote bila idhini ya magavana wote kumi na mmoja.

Bi Roswitha Ankermann alikuwa binti wa fundi wa vinanda vya kanisani kutoka mji mdogo. Alijiunga na chama akiwa na miaka ishirini na minne, baadaye akawa mbunge. Siku ya kugawana majukumu, wakubwa wa chama waligawana kama kuku wa sikukuu. Mapaja yakaenda kwa Ulinzi na Barabara, kifua kikaenda kwa Viwanda, na maini yakaliwa na mwenyekiti kabla sahani haijafika mezani. Ikabaki shingo, yaani Utamaduni.

"Roswitha aliwahi kuimba kwaya," alisema mwenyekiti akijifuta midomo. "Mpeni yeye."

Akapewa. Wenzake walidhani atanuna, lakini aliitafuna ile shingo kwa moyo wote, kwa sababu, na hapa lazima tumtendee haki, Roswitha aliupenda utamaduni kwa dhati. Alipenda nyimbo na picha na sanamu, hata zile sanamu za chuma za mjini ambazo watu huzitumia kufungia baiskeli. Aliamini kwamba watu wakikaa karibu na vitu vizuri kwa muda mrefu, mwisho wake watakuwa watu wazuri. Imani hiyo aliishika miaka thelathini na moja, ingawa kila mwezi alikuwa anakaa na magavana karibu na vitu vizuri sana.

Jambo lake la kwanza bungeni lilikuwa paa la Makumbusho Makuu, ambalo lilikuwa linavuja. Wewe ungesema, mwiteni fundi. Lakini paa lilikuwa la jimbo, kuta zilikuwa za Serikali Kuu, sakafu ilikuwa ya Taasisi ya Urithi, na maji ya mvua yalikuwa ya jimbo mpaka yanapogusa sakafu, hapo yakageuka kuwa ya Taasisi. Yakiwa hewani hayakuwa na mwenyewe, na hapo ndipo ugomvi ulipolala. Roswitha alihangaika miaka minne, akawakutanisha magavana mara nane, hadi likapitishwa Azimio la Ndoo. Ndoo ikawekwa. Magazeti yakaandika kwamba taifa limepata mwanamke wa vitendo. Kufikia siku hiyo sanamu moja ya mbao ilikuwa imeota uyoga, na wataalamu wakakubaliana kwamba uyoga nao uhesabiwe kuwa sehemu ya mkusanyo.

Ndoo ilimpandisha cheo. Akawa mwenyekiti wa kamati, kisha, akiwa na miaka arobaini na minane, Kansela akamteua Mratibu Mkuu. Kila mwaka alitoa hotuba kubwa. Mwaka wa kwanza alisema utamaduni ni daraja. Mwaka wa pili alisema ni daraja na dirisha. Mwaka wa tatu akaongeza mkate, wa nne akaongeza taa, na watu wakawa wanasubiri kwa hamu mwaka mpya uanze waone utamaduni utakuwa nini tena. Walimpenda. Mtu asiyeweza kukuumiza wala kukusaidia ni rahisi kupendwa.

*

Mwaka wa kumi wa Azimio la Ndoo, Roswitha alikwenda Makumbusho pamoja na waandishi wa habari kupigwa picha na ndoo. Baada ya picha alipotea njia akitafuta mlango wa kutokea, akaingia chumba namba tisa. Humo mlikuwa na kabati moja la kioo, na ndani ya kabati kigoda cha mbao nyeusi, cha miguu mitatu, kimelika katikati kwa kukaliwa. Kando yake palikuwa na kibao kidogo: "Kigoda. Afrika. Kimepokewa."

"Kimepokewa kutoka kwa nani?" aliuliza.

Mlinzi wa chumba, Bwana Egon, mtu mrefu mwenye masharubu meupe, alisimama wima. "Hilo halijaandikwa, Mheshimiwa. Lakini kina barua zake." Akatoa chini ya meza yake kopo la biskuti. Mlikuwa na barua arobaini na moja. Kila moja ilikuwa imefika Makumbusho, ikazungushwa idara baada ya idara, na kwa kuwa kila idara iliona hiyo si kazi yake, zote zilikuwa zimeteremshwa hatimaye kwa mtu pekee aliyekuwa na uhusiano na kigoda, yaani yeye anayekilinda. Egon alizihifadhi kwa tarehe. Hakuweza kuzisoma, lakini hakuona sababu ya kuzichafua.

Zote zilitoka kwa mwanamke mmoja, Mama Nshoma Lugembe, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo katika Unyakale, ambayo ni sehemu ya nchi nyingine ambayo nayo haipo. Ziliandikwa kwa mwandiko wa mahakamani, ulionyooka kama mistari ya shamba, na zote zilisema jambo lilelile: kigoda ni cha Watemi, wafalme wa Wanyakale, kilichukuliwa na Kapteni Drosselbek wa jeshi lenu miaka mia moja na kumi na nane iliyopita, tafadhali kirudisheni.

Roswitha alisoma Kiswahili miaka mitatu katika darasa la jioni ili azijibu barua hizo bila mkalimani. Kisha akasafiri kwenda Unyakale.

Alipokewa kwa ngoma na mbuzi. Aliyempokea alikuwa Kaimu Mtemi Masanilo, mtu mnene mwenye sauti nzuri, aliyeketi juu ya kiti cha plastiki cha rangi ya bluu kilichopasuka mguu na kufungwa kwa waya. Roswitha alidhani ni cha muda. Mama Nshoma, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, akamweleza kwamba ni kweli, ni cha muda, na muda wenyewe umefika vizazi vinne.

"Kwetu mtu hawi Mtemi kwa kuvikwa nguo wala kupigiwa kura, Mheshimiwa," alisema. "Anakuwa Mtemi akikalishwa kwenye kigoda mbele ya watu. Kigoda hakipo, basi hakuna aliyekalishwa. Baba wa babu yake alikuwa Kaimu. Babu yake alikuwa Kaimu. Baba yake alikuwa Kaimu. Huyu naye ni Kaimu, na kila anachoamua ni cha kukaimu. Mpaka wa shamba la babu yangu umekatwa mara nne, na mara zote nne kwa muda. Mimi nimefanya kazi mahakamani miaka arobaini. Nataka kabla sijafa nione jambo moja limeamuliwa likaamulika."

Roswitha aliona aibu. Haikuwa ile aibu ya hotuba, ambayo alikuwa nayo ya kutosha ofisini. Hii ilimpanda usoni. Akasimama mbele ya watu wote na kusema kwa Kiswahili chake cha darasani, "Mimi nitakirudisha kigoda chenu kabla ya kustaafu kwangu." Watu wakapiga vigelegele.

"Hakuna haraka, Mheshimiwa," alisema Kaimu Mtemi Masanilo, akamsukumia sahani ya nyama.

*

Roswitha alirudi nyumbani akalipeleka suala kwa magavana, na magavana wakaunda Kamati ya Asili, ichunguze kama kweli kigoda kiliibwa.

Kamati ilikuwa na bahati, maana Kapteni Drosselbek aliacha shajara, na ukurasa wenyewe ulikuwa unasomeka vizuri. Ulisema: "Leo nimeiba kigoda cha mfalme wao. Mvua imenyesha." Mtu asiye msomi angefunga kitabu hapo. Wataalamu wa Kamati walikifungua. Miaka miwili waliitumia kuthibitisha mvua, wakaridhika kwamba ilinyesha. Miaka minne iliyofuata waliitumia kwa neno "nimeiba". Profesa mmoja alionyesha kwa ushahidi kwamba Kapteni alikuwa mtu wa majigambo, na kwamba yawezekana alizawadiwa kigoda kwa upendo, akaandika ameiba ili asichekwe na wenzake kambini. Kwa tahadhari, Kamati iliwaomba Wanyakale walete risiti ya fundi aliyekichonga.

Mama Nshoma alijibu kwa barua ya mstari mmoja: "Fundi alikufa kabla ya karatasi kufika kwetu, kama nyinyi mnayo risiti ya kukinunua, leteni."

Walipomaliza hilo likazuka la Gavana wa Jimbo la Mabonde. Jimbo lake lilikuwa dogo, halina makumbusho, kwa hiyo halikuwa na kitu chochote kilichoibwa. "Wenzangu wote watasimama mbele ya dunia wakitubu," alisema kwa uchungu, "na mimi nisimame na mikono mitupu kama mtu asiye na historia? Watu wangu hawatanisamehe." Akagoma kupiga kura. Ikapita miaka miwili. Mwishowe majimbo mengine yalichangishana, yakampa vinyago vitatu vya wizi ulio wazi kabisa, naye akalia machozi ya furaha na kutangaza kwamba Jimbo la Mabonde nalo sasa lina dhambi.

Katikati ya hayo ilifika barua kutoka ofisi ya Kaimu Mtemi Masanilo. Ilisema Wanyakale wanathamini sana uangalifu wa magavana, na wanashauri kigoda kisiharakishwe mpaka utaratibu wa kukipokea ukamilike. Magavana waliisoma kwa sauti na kupeana mikono. Roswitha aliona ajabu kidogo, kisha akajiambia kwamba huo ndio uungwana wa wenyewe.

Kila mwaka alimwandikia Mama Nshoma kumweleza walipofikia, na kila mwaka Mama Nshoma alijibu kwa kumwambia nani amefariki kati ya waliokuwa wakisubiri. Roswitha akawa anaziogopa zile barua. Alizifungua akiwa amesimama.

Hatimaye, ukiwa umebaki mwezi mmoja astaafu, magavana wote kumi na mmoja walikubaliana. Jambo hilo halikuwahi kutokea, na kengele za makanisa zilipigwa. Walikubaliana hivi: umiliki wa kigoda utarudishwa kwa Wanyakale kikamilifu na bila masharti. Kigoda chenyewe kitabaki palepale kilipo, kwa mkopo wa miaka tisini na tisa, kwa sababu ripoti ya wataalamu ilionyesha kwamba hakiwezi kuhimili safari hata ya kutoka chumba namba tisa hadi ukumbi wa juu.

"Umeshinda, Roswitha," Kansela alimwambia. Akamweleza kwamba Nyumba mpya ya Utamaduni itaitwa kwa jina lake. Herufi za shaba zilikuwa zimeshachongwa, kila moja urefu wa mtu. Zingepandishwa ukutani siku ya kutiwa saini, alasiri, baada ya sherehe.

Roswitha alishukuru. Usiku hakulala vizuri, lakini alisema ni kahawa.

*

Mama Nshoma alifika siku moja kabla ya sherehe, peke yake, akiwa na miaka sabini na tisa. Alikuja na kanga mbili za kukifungia kigoda na kamba ya katani. Asubuhi ya sherehe Roswitha alimfuata hotelini wanywe chai.

"Shikamoo, Mama Nshoma."

"Marahaba, mdogo wangu. Kiswahili chako kimekomaa." Mama Nshoma alimimina maziwa. "Ndege yangu ni saa kumi jioni. Kigoda nitakabidhiwa saa ngapi?"

Roswitha alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa amemwambia Mama Nshoma. Taarifa ilipitishwa kwa Idara ya Itifaki, Itifaki ikaona ni ya Makumbusho, Makumbusho yakaona ni ya Mratibu Mkuu, na Mratibu Mkuu alikuwa ndiye huyu.

"Utakabidhiwa umiliki, Mama."

"Umiliki nao ni wa mbao?"

"Ni wa karatasi."

"Na kigoda?"

"Kitabaki hapa. Mtatuazima." Sauti ilimtoka ndogo. "Miaka tisini na tisa."

Mama Nshoma alikoroga chai yake taratibu, mpaka sukari yote ikayeyuka na bado akaendelea kukoroga. "Kwetu wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema. "Nyinyi naona inawasitiri vizuri tu."

Roswitha alikuwa na maneno ya miaka thelathini na moja, daraja, dirisha, mkate, taa, na hakuna hata moja lililofaa kuwekwa juu ya meza ile.

"Lete hizo karatasi nizisome," alisema Mama Nshoma.

Alizisoma kama alivyokuwa akisoma hati za mashamba, akilowesha kidole na kurudi nyuma kila alipotilia shaka. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya umiliki. Ya pili ilikuwa ya mkopo.

"Hii ya kwanza nikishatia saini, kigoda ni cha nani?"

"Chenu. Na wewe ndiye mwakilishi wa wenyewe."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia wino unapokauka."

"Na hii ya pili inatiwa saini papo hapo?"

"Hapana," alisema Roswitha. "Baada ya hotuba."

Hapa inafaa kueleza utaratibu wa hotuba. Magavana walikuwa wamegombana wiki sita juu ya nani aseme kwanza na nani mwisho. Hakuna aliyekubali kusema kabla ya saini ya kwanza, maana angekuwa anashukuru kitu ambacho hakijatokea. Hakuna aliyekubali kusema baada ya saini ya mwisho, maana wapiga picha wangekuwa wameshaondoka. Basi wakaafikiana, kwa kura kumi na moja kwa sifuri, kwamba hotuba zote zikae katikati.

"Hotuba ngapi?" aliuliza Mama Nshoma.

"Kumi na moja."

"Za dakika ngapi?"

"Kumi na tano kila mmoja. Lakini hawafuati."

Mama Nshoma alitazama saa ya ukutani, midomo yake ikihesabu. "Kwa hiyo kuanzia saa nne na robo mpaka saa saba na kitu, kigoda ni cha Wanyakale, na Wanyakale hawajamwazima mtu." Akavua miwani akamtazama Roswitha machoni. "Nimekosea mahali?"

Hakuwa amekosea. Roswitha aliona mara moja kwamba hakukosea, na aliona pia kwamba akinyanyua simu sasa hivi, Itifaki watabadilisha mpangilio na mambo yatakwenda sawa. Herufi zake zilikuwa zimelala kwenye lori nje ya Nyumba ya Utamaduni. Aliogopa. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya jambo ambalo halijapigiwa kura. Akafikiri juu ya zile barua alizozifungua akiwa amesimama.

"Chumba namba tisa kiko chini," alisema. "Ukitoka ukumbini, ngazi za kushoto."

*

Saini ya kwanza ilitiwa saa nne na dakika kumi na saba, katika ukumbi wa juu wa Makumbusho. Watu walipiga makofi, bendi ikapiga, na Gavana wa Jimbo la Juu akapanda jukwaani. "Kiti ni nini?" aliuliza. "Tunapoketi, je, ni sisi tunaoketi, au ni kiti kinachotuketisha?" Alilichunguza swali hilo dakika thelathini na moja. Aliyemfuata alizungumzia viti vya jimbo lake, ambavyo ni imara. Wa tatu alikuwa Gavana wa Jimbo la Mabonde, na alipofika mahali pa dhambi zake alianza kulia. Ni hapo Mama Nshoma aliponyanyuka na kanga zake mkononi. Bwana wa Itifaki alimtazama kwa mshtuko.

"Msalani, mwanangu," alisema Mama Nshoma kwa Kiswahili. Roswitha akasimama, akasema yeye ndiye atakayemsindikiza.

Chumba namba tisa Egon alikuwa amevaa sare mpya.

"Bwana Egon," alisema Roswitha, "tunaomba ufungue kabati."

"Kwa idhini ya nani, Mheshimiwa?"

Roswitha alifungua kinywa aseme "yangu", akakumbuka hana. Katika miaka yote ile hakuwahi kuwa na idhini hata ya kufungua dirisha la chumba kile. "Kwa idhini ya mwenyewe," alisema. "Huyu ndiye mwenye kigoda."

Egon alimtazama yule mwanamke mfupi. "Anayo hati?"

Mama Nshoma alimkabidhi. Egon aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo, akaigeuza, akautazama muhuri kwenye mwanga. Kisha akatoa kijitabu chembamba mfukoni mwa koti. "Kanuni ya kumi na nne," alisoma. "Mali itakabidhiwa kwa mwenyewe, akionyesha hati halali na kutia saini kwenye daftari la mlinzi." Akakifunga kijitabu. "Nimeisoma kila Jumatatu kwa miaka ishirini na sita, Mheshimiwa. Hakuna mwenye mali hata mmoja aliyewahi kuja."

Akafungua kabati. Akalifungua daftari pia, ukurasa wa kwanza, ambao ulikuwa mweupe, na Mama Nshoma akaandika jina lake kwa ule mwandiko ulionyooka. Kigoda kikafungwa kwenye kanga na kukazwa kwa katani. Egon aliwafungulia mlango wa nyuma akapiga saluti, na haikujulikana alikuwa anampigia mtu au kigoda.

Uwanja wa ndege walikipima kwenye kile kichanja cha mizigo ya mkononi. Kiliingia bila taabu. Kilisafiri chini ya kiti cha mbele, miguuni pa Mama Nshoma, na hakikupata hata ufa.

Roswitha hakwenda uwanja wa ndege. Alirudi ukumbini, akaketi mahali pake, akawasikiliza magavana wanane waliobaki kwa adabu yake ya siku zote. Saa saba na nusu Kansela alinyanyua kalamu kwa ajili ya saini ya pili, akaona kiti cha mgeni kitupu.

"Mama yetu yuko wapi?"

"Amekwenda kwao," alisema Roswitha. "Na kigoda chake."

"Nani kamruhusu?" aliuliza Gavana wa Jimbo la Juu.

"Ninyi. Kumi na moja kwa sifuri."

Walitafuta sheria iliyovunjwa hadi jioni, wasiipate. Herufi za shaba zikaamriwa zirudishwe kiwandani bila kuteremshwa kwenye lori, na Roswitha alipita kando ya lori hilo akienda nyumbani kwa miguu, kwa sababu gari lilikuwa la wadhifa na wadhifa haukuwa wake tena. Ilimuuma, tusidanganyane. Mtu anaweza kufanya jambo jema na bado akalililia jina lake.

*

Mwezi uliofuata alikwenda Unyakale kama raia wa kawaida, akapanga chumba kwa Mama Nshoma. Siku ya kukabidhiwa kigoda, uwanja ulijaa hadi watu wakakaa juu ya paa la shule. Masanilo alikuwa amevaa joho jipya. Alipokiona kigoda alikumbatia watu kadhaa na kutoa leso.

"Ndugu zangu," alisema kwa ile sauti yake nzuri, "jambo hili ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Napendekeza tuunde kamati ya kukipokea. Tukijengee nyumba ya kioo. Wakati huo mimi nitaendelea kuwatumikia kwa unyenyekevu, kama Kaimu."

Roswitha alilisikia lile neno "kamati" likamwingia mwilini kama baridi ya kwao. Akaikumbuka barua ya kuomba kigoda kisiharakishwe, akaielewa.

Mama Nshoma alikata kamba ya katani kwa kisu cha jikoni, akakichukua kigoda, akazunguka nyuma ya Masanilo, akakisimika ardhini karibu na visigino vyake.

"Keti, baba," alisema.

Masanilo alitazama huku na huku. Pande zote palikuwa na watu, na watu walikuwa wanamtazama. Akavuta joho, akashuka taratibu, akaketi. Sauti iliyopanda uwanjani hapo Roswitha hakuwahi kuisikia katika ukumbi wowote wa utamaduni. Wazee walikuwa wanalia. Naye alilia, na hakujificha.

"Sasa mna Mtemi," Roswitha alimwambia Mama Nshoma. "Hongereni."

"Mtemi?" Mama Nshoma alikuwa anapangusa miwani. "Wa kutuamrisha hatujamkosa siku zote hizi, mdogo wangu. Kaimu ndiye aliyetushinda. Kaimu akikosea humfanyi kitu. Mila inasema aliyekalishwa na watu, watu wanaweza kumwinua wakamwondoa, lakini yule ambaye hajaketi, utamwinua kutoka wapi?" Akavaa miwani. "Huyu sasa ameketi."

Akatoa kwapani faili la shamba la babu yake, lenye hukumu nne za muda, akaanza kupita katikati ya watu kwenda mbele. Nyuma yake watu walikuwa wanajipanga, kila mmoja na karatasi zake. Masanilo alimwona anakuja, akazishika kingo za kigoda kwa mikono yote miwili.